Sauti 12 au zaidi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mgawanyo sawa wa oktavu

Maswali haya nimeulizwa na wanakwaya, wapiga gitaa, vijana wa studio na wazee wawili watatu wa taarab ambao waliuliza kwa kunitega. Nimetumia do-re-mi kwa sababu wengi wetu tulifundishwa muziki kwa njia hiyo, ubaoni, kabla hatujaiona nota ya mistari. Hesabu zipo, lakini hazizidi kuzidisha na kugawanya.

Mgawanyo sawa ni nini?

Piga do, kisha piga do ya juu yake. Ya juu inatetemeka mara mbili ya ile ya chini: ya chini ikiwa 220 kwa sekunde, ya juu ni 440. Umbali huo ndio oktavu, na sikio linazihesabu sauti hizo mbili kama ndugu. Kazi inabaki katikati: utaweka sauti ngapi, na utaziweka wapi? Mgawanyo sawa ni kuikata oktavu vipande vinavyolingana, kama mtu anayegawa muwa kwa watoto wasiotaka kusikia habari ya nani mkubwa.

Kinanda cha kawaida, akodiani na gitaa la dukani vimeundwa kwa vipande 12. Kila hatua, inayoitwa nusu toni, inazidisha mtetemo kwa 1.05946. La ya 440 inafuatwa na 466.16, na ukiendelea kuzidisha hivyo mara 12 unatua kwenye 880 bila salio. Mpango huu ndio watu wanaouita wa Kimagharibi, ingawa mmoja wa waliopiga hesabu yake mapema kabisa na kwa usahihi mkubwa ni Mchina, Zhu Zaiyu, mwana wa ukoo wa kifalme wa Ming, mwaka 1584. Huko Ulaya, Simon Stevin alikuwa anaishughulikia hesabu hiyohiyo karibu na kipindi hicho.

Maikrotoni ni umbali wowote ulio mdogo kuliko nusu toni ya kinanda. Ukiikata oktavu vipande 19, 24, 31 au 53, bado ni mgawanyo sawa, ila hatua zake ni za maikrotoni.

Senti ni nini?

Si pesa. Ni kipimo kilichobuniwa na Mwingereza Alexander Ellis katika karne ya 19: oktavu nzima ni senti 1200, na nusu toni ya kinanda ni senti 100. Programu ya tyuna kwenye simu ikikuonyesha +14 au −8, inakusomea senti. Sauti mbili zikifuatana, sikio lililozoea linaanza kuona tofauti kwenye senti 5 au 6. Zikipigwa kwa pamoja, hata senti 2 zinaweza kujisema zenyewe, kwa sababu ambayo nitaieleza sasa hivi.

Ni kweli kwamba piano imetoka sauti?

Kwa kipimo fulani, ndiyo, na kila anayetyuni piano anajua.

Sauti mbili zinapopatana vizuri, mitetemo yake huwa katika uwiano wa namba ndogo. Do hadi so ni 3 kwa 2. Do hadi mi ni 5 kwa 4. Ukizipata hasa, sauti zinatulia na kuwa kama kitu kimoja. Ukizikosa kidogo, zinaanza kupwita: wa-wa-wa-wa, kama jipu. Kadiri unavyokosa zaidi ndivyo zinavyopwita haraka.

So safi iko senti 702 juu ya do. Ya kinanda iko 700. Hasara ni senti 2, hakuna wa kulalamika. Lakini mi safi iko senti 386, na kinanda kinakupa 400. Hapo umepigwa karibu senti 14. Chukua la ya 440 kama do yako: mi safi juu yake ni 550, ya kinanda ni 554.37, na zikilia pamoja zinapwita zaidi ya mara 17 kwa sekunde. Hatusikii kama kosa kwa sababu tumezaliwa humo. Ila kaa na kwaya nzuri isiyo na ala, isikilize inapotua kwenye amina ya mwisho, kisha piga kodi hiyohiyo kwenye kinanda (kodi za muziki, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, si za mamlaka ya mapato). Utaelewa kwa nini mwalimu wangu alikuwa akizima kinanda dakika tano kabla ya zoezi kuisha.

Sasa kwa nini zilichaguliwa 12?

Kwa sababu ya do-so. Panda kwa do-so safi mara 12 mfululizo, utakuwa umezidisha mtetemo mara 129.75 hivi. Panda oktavu 7, umezidisha mara 128. Zinakaribiana sana, ila hazikutani: pengo ni kama senti 23 na nusu. Pengo hilo dogo limewasumbua watu tangu Wagiriki wa kale, na lilijulikana China pia. Mgawanyo wa 12 unalichukua na kuligawa kwa do-so zote 12, kila moja ikatwe senti 2. Hakuna mtoto aliyelala njaa, ila wote wamepungukiwa tonge.

Namba 12 pia inatosha vidole. Hilo lisidharauliwe. Kinanda chenye vibonyezo 31 kwa oktavu kinahitaji mikono ya aina nyingine.

Bach hakuwa anatumia 12 sawa?

Wataalamu wengi hawaamini hivyo. Tungo za 1722 za mtunzi huyo Mjerumani katika funguo zote 24 (12 za furaha, 12 za huzuni) zilihitaji kinanda ambacho kila ufunguo unapigika. Kupigika si kulingana. Mipango ya zama zile iliacha funguo zenye alama chache ziwe tamu na zile za mbali ziwe kali, na watunzi walizitofautisha kwa ladha hiyo. Kinanda cha leo kimezifanya zote ziwe na ladha moja.

Kwa nini tusitumie sauti safi tu, tukaachana na ugomvi huu?

Kwa mwimbaji peke yake, au udi, au fidla, inawezekana, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Tatizo linakuja muziki ukitembea. Chukua mzunguko ambao kila mpiga gitaa wa Afrika Mashariki ameupiga: kodi ya do, ya la, ya re, ya so, kisha kurudi do. Ukiuimba kwa kushikilia kila sauti ya pamoja na kuisafisha kila umbali, ile do ya kurudia haiko mahali pa ile ya kwanza. Imeshuka senti 21 na nusu. Rudia mzunguko mara tano na umepoteza zaidi ya nusu toni, bila mtu yeyote kuimba vibaya. Kwaya hushuka kwa sababu nyingine pia: uchovu, pumzi, besi wanaovuta. Lakini mwalimu anayewagombeza kila mara wanaposhuka anafaa kujua kwamba wakati mwingine wanashuka kwa sababu wanasikilizana vizuri mno.

Pengo hilo la senti 21 na nusu litarudi huko chini. Liweke akilini.

Mbona namba za ajabu: 19, 24, 31, 53? Kwa nini si 20 au 30?

Unaweza kukata 20 au 30 ukitaka, hakuna askari. Ila unapokata, swali ni je, kuna hatua itakayoangukia karibu na so safi? Na mi safi? Namba nyingi zinakosa. Chache zinapata, na ndizo zinazojirudia kwenye historia.

Katika 19, kila hatua ni senti 63. So yake imepungua senti 7, jambo linalosikika, na mi yake pia imepungua senti 7, ambayo ni nafuu mara mbili ukilinganisha na kinanda. La hadi do, ule umbali wa huzuni, umekaa karibu kabisa na mahali pake safi. Muziki wa 19 una ladha laini, iliyolegea kidogo. Mfaransa Guillaume Costeley aliuwazia katika karne ya 16.

Katika 31, hatua ni senti 38.7. So imepungua senti 5, lakini mi imekosea kwa chini ya senti moja. Ile mi iliyokuwa inapwita mara 17 kwa sekunde sasa inapwita mara moja tu. Hapa ndipo mtu aliyezoea kinanda husikia kodi ya kawaida na kuuliza kama kuna kitu kimezimwa. Mtaliano Nicola Vicentino alieleza mwaka 1555 kinanda chake cha vibonyezo vingi kilichokaribia mpango huu, na Christiaan Huygens, yule mwanafizikia wa pete za Zohali, akaufanyia hesabu na kuuchapisha mwaka 1691. Mholanzi mwenzake Adriaan Fokker, naye mwanafizikia, alisimamia kujengwa kwa ogani ya sauti 31 iliyozinduliwa Haarlem mwaka 1950. Ogani hiyo ipo Amsterdam siku hizi na bado inapigwa.

53 ndiyo ya wakamilifu. Hatua ni senti 22.6, so imekosea kwa chini ya moja ya kumi ya senti, mi kwa senti moja na nusu. Jing Fang wa China ya enzi ya Han aliliona hilo kabla ya Kristo: alipanda kwa so mara 53 akajikuta karibu kabisa na alipoanzia. Waturuki nao huhesabu muziki wao kwa koma, na toni nzima kwao ni koma 9, hesabu inayotokana na oktavu ya koma 53.

24 ni jambo tofauti, na ina swali lake.

Ipi ni bora?

Bora kwa kufanya nini? Nikibanwa kabisa, nasema 31 kwa mtu wa kodi na kwaya, 24 kwa mtu wa maqamu (mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu) anayelazimika kutumia kinanda, na 12 kwa mtu mwenye harusi Jumamosi hii. 53 naiheshimu kama ninavyoheshimu saa ya Uswisi, sijawahi kuihitaji.

24 si ni 12 mara mbili? Inaongeza nini?

Ukiwa unatafuta kodi safi, haiongezi kitu. Do-so ni ileile 700, do-mi ni ileile 400 yenye kasoro yake. Kinachopatikana ni sauti za katikati: umbali wa 150, 350, 550. Ile ya 350 si ya furaha wala ya huzuni, iko kati ya mi ya kawaida na mi iliyoshushwa. Mtu asiyeizoea huiita kosa. Mtu wa Cairo huiita nyumbani.

Kuna Wazungu na watu wa Amerika ya Kilatini walioitumia robo toni (senti 50) kwa mambo yao wenyewe: Alois Hába wa Prague, Ivan Wyschnegradsky aliyetoka Urusi akaishi Paris, Julián Carrillo wa Mexico aliyekwenda hadi vipande vidogo zaidi. Walitafuta rangi mpya. Waarabu walikuwa na jambo jingine: walikuwa na muziki tayari na walitaka ngazi ya kuupimia.

Kwa hiyo taarab inapigwa kwa 24?

Hapana, na hili ndilo jibu refu kuliko yote.

Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuuleta muziki wa Kimisri katika jumba lake. Kikundi cha Ikhwani Safaa kikaanzishwa mwaka 1905, na ala zikawa zilezile za Cairo: udi, kanuni, nai, fidla, dumbak. Pamoja na ala zikaja maqamu: Rasti, Bayati, Sika, Hijazi. Baadhi ya hizo zinahitaji sauti zisizokuwamo kwenye kinanda.

Chukua Rasti ya kuanzia do. Mi yake na ti yake zinakaa kati. Mpango wa 24, ambao kwa upande wa Waarabu unahusishwa na mwanachuoni Mikhail Mishaqa wa karne ya 19, unasema mi hiyo ni 350 kamili. Mwaka 1932 Mfalme Fuad wa Misri aliitisha mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu mjini Cairo. Walikuwapo watunzi wa Ulaya Bartók, Hindemith na Hába, na wajumbe kutoka Uturuki na nchi za Kiarabu. Moja ya hoja zilizowaka ni hiyo: je, robo toni zetu zinalingana? Hawakukubaliana. Na wasingeweza, kwa sababu mi ya Rasti ya Kituruki inakaa juu zaidi kuliko ya Kimisri, na hata ndani ya muziki mmoja mi ya Bayati huimbwa chini kidogo ya mi ya Rasti. Jina moja, kibonyezo kimoja cha 24, sauti mbili.

Kwa maneno mengine, 24 ni ramani, na ramani ya mji si mji. Mpiga udi hana freti (vile vyuma vya shingoni mwa gitaa), kidole chake kinakwenda anakotaka. Mpiga fidla hivyohivyo. Kanuni ina vishikio vidogo vya chuma pembeni mwa nyuzi, vya kuinua na kushusha sauti, na idadi na nafasi za vishikio hivyo zinaamua ni Mi gani unaweza kuipata. Kanuni ya Kituruki huwa na vingi kuliko ya Kiarabu. Akodiani, ambayo imekaa kwenye taarab miaka mingi, haina ujanja: ni 12 tu. Ndiyo maana ukisikiliza kwa makini nyimbo za zamani utakuta akodiani inazikwepa sauti zile, inanyamaza au inapita haraka, halafu fidla zinaingia kuifunika.

Taarab ya kisasa ya vinanda na gitaa la umeme ilimaliza ugomvi kwa kuziacha sauti za katikati. Wazee wanaikosoa kwa hilo. Mimi nakubaliana nao nusu: kilichopotea kimepotea, lakini nyimbo nyingi za mwambao zilikuwa tayari zinaegemea ngoma za kwetu kuliko Cairo, na hazikuwa zinaidai robo toni hata kidogo.

Nina kinanda chenye sehemu ya kubadilisha skeli. Niweke ngapi kwa Rasti?

Vinanda vilivyotengenezwa kwa soko la Kiarabu, kwa mfano vile vya Yamaha na Korg, vinaruhusu kushusha kila nota peke yake. Watu wengi huweka mi na ti −50 kwa sababu ndiyo namba iliyoandikwa kitabuni. Jaribu kuanzia −40, umwite mwimbaji, kisha usogeze hadi aache kukunja uso. Kwa Bayati ya kuanzia re, rudi karibu na −50 au chini yake kidogo. Hifadhi kila maqamu mahali pake, maana katikati ya wimbo hutapata nafasi ya kutafuta.

Je, muziki wetu wa asili uko kwenye mgawanyo gani?

Swali zuri lenye mtego, kwa sababu "wetu" ni wengi. Nitachukua mifano miwili ninayoipenda.

Wagogo wa Dodoma, wale wa ilimba (ala ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba), ambao marehemu Hukwe Zawose aliwapeleka majukwaa ya dunia. Gerhard Kubik, mtafiti aliyezunguka sana Afrika Mashariki, ameeleza kwamba mpangilio wa sauti zao umejengwa juu ya sauti asilia za waya au bomba, kuanzia ya 4 hadi ya 9, yaani mara 4 hadi mara 9 ya mtetemo wake wa chini kabisa. Tafsiri yake kwa senti, kuanzia ile ya 4: mi iko 386, so iko 702, kisha sauti ya saba iliyo 969, kisha do ya juu, na re yake 204. Angalia hiyo 969. Kinanda kinakupa 1000. Umekosa senti 31, karibu theluthi ya nusu toni, na ndiyo sababu nyimbo za Kigogo zikipigwa kwenye kinanda zinakauka kama muhogo wa jana. Mgawanyo wa 31 unaipata kwa pengo la senti moja tu, ila re yake inakosea senti 10. Wa 53 unakosea senti 5 kwenye ile ya saba na kuzipata nyingine karibu zote. Hapa kidogo 53 inanisuta.

Waganda nao wana amadinda, marimba ya mbao ya sauti tano kwa oktavu. Klaus Wachsmann, aliyesimamia Jumba la Makumbusho la Uganda mjini Kampala, alipima ala za huko na akaona umbali kati ya sauti unakaribiana, ukizunguka 240, yaani oktavu iliyogawanywa tano. Wengine waliokuja baadaye wamesema tofauti kati ya ala na ala ni kubwa mno kuiita sawa. Vyovyote iwavyo, faida yake inasikika: wimbo unaweza kuhamishwa kibao kimoja juu na bado ukabaki wimbo uleule, jambo ambalo kinanda cha Ulaya kililifikia kwa safari ndefu. Kusini zaidi, timbila za Wachopi wa Msumbiji zina sauti saba zinazokaribia kulingana.

Naweza kupiga nyimbo zangu za kawaida kwa 19 au 31?

Ndiyo, bila kubadilisha nota hata moja. Kodi zote unazozijua zipo. Kitu kimoja kitakushangaza: do iliyopandishwa na re iliyoshushwa, ambazo kwenye kinanda ni kibonyezo kimoja cheusi, huku ni sauti mbili. Katika 31 iliyopandishwa iko chini, iliyoshushwa iko juu. Kwa hiyo itabidi ujue unamaanisha ipi, na wapiga kinanda wengi, nikiwamo mimi, tunagundua kwamba hatukuwa tunajua.

Katika 53 ni hadithi nyingine. Unakumbuka ule mzunguko wa do, la, re, so na kushuka kwa senti 21 na nusu? Migawanyo ya 12, 19 na 31 inalimeza pengo hilo, ndiyo maana unarudi nyumbani salama. 53 hailimezi. Ukichagua kodi safi kila mahali, mzunguko unakushusha hatua moja nzima ya 53 na unaanza ubeti wa pili chini ya wa kwanza. Usafi una bei yake.

Na 432? Nimesikia ndiyo sauti ya asili ya ulimwengu.

Hiyo ni habari ya la iwekwe wapi, haihusiani na oktavu kukatwa vipi. La ya 440 ilikubaliwa kwenye mkutano wa London mwaka 1939 na baadaye ikawa kiwango cha ISO. Ukiishusha hadi 432, kila kitu kinashuka senti 32 kwa pamoja, na mi yako inabaki na kasoro yake ya senti 14 kama ilivyokuwa. Ukitaka muziki uliotulia, rekebisha mi kwanza.

Gitaa langu linaweza?

Linaweza kwa kubadilishiwa shingo, au kwa mtu mwenye mkono mzuri kung'oa freti na kupanga upya. Kwa gitaa lenye waya wa milimita 650, freti ya kwanza ya kawaida iko milimita 36.5 kutoka juu. Kwa 19 ni 23. Kwa 24 ni 18.5. Kwa 31 ni milimita 14, na ukifika kwenye oktavu zimebanana hadi 7, upana usiotosha ncha ya kidole changu. Ndiyo sababu wapiga gitaa wengi huishia kwenye 19, au kwenye 24 wakiongeza freti chache tu pale wanapozihitaji. Anayetaka kujaribu bila kuharibu gitaa avute waya kwa kidole na kuangalia tyuna. Wapiga solo wa dansi wamekuwa wakivuta nyuzi hivyo miaka yote bila kuuliza jina lake.

Kwenye kompyuta nianzie wapi?

Surge XT ni sinthesaiza ya bure na inasoma mafaili ya skeli ya aina ya .scl. Mafaili hayo yametokana na programu ya Scala ya Manuel Op de Coul, ambayo inakuja na maelfu ya skeli, zikiwamo nyingi ambazo hakuna binadamu atakayezimaliza. Faili lenyewe ni maandishi tu: orodha ya senti. Unaweza kuliandika mwenyewe kwa dakika mbili.

Kama ala yako haijui .scl, tumia gurudumu la kupindisha sauti. Kwa kawaida linapindisha hadi toni moja nzima juu au chini, na limegawanywa ngazi 8192 kila upande. Robo toni basi ni ngazi 2048. Tatizo ni kwamba linapindisha kila kitu kilicho kwenye chaneli hiyo ya MIDI (njia ambayo ala na kompyuta hupeana nota), kwa hiyo kodi ya sauti tatu itakudai chaneli tatu. Ala zenye MPE, mpango unaoipa kila nota chaneli yake, zimeurahisisha mchezo huu.

Prodyuza amesafisha sauti yangu na wimbo umekufa. Kwa nini?

Programu za kunyoosha sauti, zikiachwa kwenye skeli ya sauti 12, zinavuta kila unachoimba kwenye kibonyezo cha karibu. Ukiimba Rasti, mi yako ya 360 inapelekwa 400, na ile ya Bayati iliyo chini kidogo inaweza kutupwa upande wa pili, 300. Umeimba maqamu moja, zimetoka mbili, na hakuna kati yake uliyoikusudia. Mwambie aizime kwenye nota hizo, au azihamishe kwa mkono. Nimewahi kukaa studio saa nne kwa ajili ya ti moja.

Mpiga kinanda wetu anashikilia kwamba robo toni ni kuimba vibaya kulikopewa jina zuri. Nimjibu nini?

Usimjibu. Mweke mpiga udi mzoefu mbele ya tyuna, apige Rasti mara kumi, na mpiga kinanda mwenyewe aandike namba za mi. Kama zitatawanyika ovyo, ana haki. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo, namba nane kati ya kumi zilikaa kati ya −36 na −43, na mpiga udi alikuwa mtu wa makamo ambaye hakuwahi kusikia neno senti isipokuwa dukani. Mpiga kinanda aliikunja karatasi akaitia mfukoni, akauliza ile sehemu ya kubadilisha skeli inafunguliwaje.